Mwambie Mkwe Wangu

Mama mkwe wangu aliwahi kunipigia simu tukiwa ndani ya gari moja. Mimi nilikuwa kwenye usukani, yeye alikuwa nyuma kabisa kitandani, na kati yetu kulikuwa na mke wangu, watoto wetu wawili, shemeji yangu, meza ya kukunja, jiko la gesi na pazia la kitenge ambalo mama mkwe alilitundika kwa mikono yake. Mke wangu akaitoa simu yangu kwenye kikasha cha mbele, akaitazama, akaibonyeza na kuiweka karibu na kioo.

"Ni Mama," alisema. "Anakutaka wewe."

"Mkwe," sauti ikasema mara mbili, moja kwenye simu na nyingine nyuma ya pazia. "Huku nyuma sufuria zinaruka. Punguza mwendo, waitu."

"Sawa, Mama."

"Kasinge." Akashukuru hivyo kwa Kihaya, kama alivyonibembeleza kwa ile waitu, akakata.

Hiyo ilikuwa Sweden, mwezi wa Juni, kwenye barabara iliyonyooka kupita misitu isiyoisha. Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Mimi na mke wangu hatukucheka, kwa sababu kwa jinsi tulivyolelewa, Mama hakuwa na njia nyingine ya kusema nami moja kwa moja.

Kwetu Buhaya, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani. Si ugomvi, na mgeni akidhani ni ugomvi atakuwa amekosea sana. Tunaiita enshoni, na ukitaka kuieleza kwa Kiswahili itabidi useme aibu, useme heshima, useme adabu, na bado hujamaliza. Hamli pamoja. Hamkai chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anageukia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Siku hizi mjini Bukoba naona bwana harusi anamkumbatia mama mkwe mbele ya kamera, watu wanapiga vigelegele, nami natazama chini kama niliyevuliwa shati hadharani. Wa kwangu hakulegeza hata kidogo. Watu wa zamani walisema mkwe akimgusa mama mkwe, mikono itakuja kutetemeka. Mikono ya nani kati ya hao wawili, sikuwahi kuwasikia wakikubaliana.

Nyumba yake iko Buganguzi, ndani ya kibanja cha migomba na mibuni, na ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilipoingia kwa ule wa mbele nilisikia ule wa nyuma ukifungwa. Nilikaa sebuleni peke yangu chini ya picha yake ya kwaya ya akina mama wa Kilutheri, yeye akiwa wa tatu kutoka kushoto, mdogo kama punje, na uso wake niliujua kwa picha hiyo tu. Chakula kililetwa na mtoto. Alikuwa hajakosea hata mara moja: ndizi zilizopikwa na samaki mkavu, na msimu wa senene ukifika, sahani ya senene waliokaangwa mpaka wakalia mdomoni. Aliyajuaje mapenzi yangu wakati hajawahi kuniona nikila? Mke wangu aliapa kwamba hakumwambia.

Alipotaka kunisemesha alimtumia mtoto. "Muulize baba yako kama kwao Nshamba mvua imenyesha," angesema kutoka jikoni, na mimi ningemjibu mtoto. Mtoto asipokuwepo alimtumia paka. "Paka, muulize mgeni wetu kama ameshiba." Nami nilimwambia paka kwamba mgeni ameshiba na anashukuru. Nimezungumza na yule paka mambo mazito, jamani. Nimezungumza naye kuhusu ugonjwa wa baba yangu, na kuhusu mwaka ule ambao mimi na mke wangu tulikuwa hatuelewani na kila mmoja alikuwa amefunga begi lake. "Paka," mama mkwe alisema siku hiyo, "mwambie mgeni binti yangu ana mdomo, aliurithi kwangu. Mwambie asubiri upoe, huwa unapoa." Nilisubiri. Ulipoa.

Sasa mtu angetegemea mwanamke wa namna hiyo awe mzito na mkali muda wote. Wapi! Simu ilipofika Buganguzi alibadilika. Simu haina uso, na ilichokataza mila ni uso. Kila Jumapili baada ya ibada alinipigia dukani, maana mimi nauza vipuri vya magari Bukoba mjini na Jumapili mchana huwa napanga mzigo, na hapo ndipo nilipomfahamu. Alikuwa mtu wa vituko. Aliniigia mchungaji, akaniigia mwalimu wa kwaya anavyokohoa kabla ya kupandisha sauti. Alinitania. "Mkwe, umenenepa. Nimesikia hatua zako sebuleni juzi, sakafu imelalamika." Au: "Lile gari lako linaumwa kifua, nimelisikia tangu kona ya Nshamba." Na gari kweli lilikuwa na tatizo la mkanda.

Tulipomzika baba yangu alikuja Nshamba na wenzake wa kanisani, na kama ilivyo ada alikaa nyuma ya nyumba na akina mama. Jioni simu yangu ikaita. Alikuwa kwenye migomba, mbali kidogo tu na pale nilipokuwa nimekaa na wanaume. Ningeweza kuinuka nikamwona. Alilia nami mpaka salio lake likaisha, akatuma ujumbe kwamba nimpigie, nikampigia, tukaendelea. Mama yangu mzazi nilimpoteza nikiwa mdogo. Sioni taabu kusema kwamba mwanamke huyu nilimpenda, na nilimpenda kwa simu.

Hamu yake ya kwenda Ulaya ilianza zamani. Akiwa msichana alifundishwa kushona na muuguzi mmisionari aliyetoka kaskazini kabisa mwa Sweden, mwanamke aliyekuja kurudi kwao na kuzikwa huko. Mama mkwe alishona kwa mkono wa yule muuguzi maisha yake yote. Hata nguo za kwaya alizipinda ukingo kwa namna ileile. Alitaka kufika kaburini na kuweka kahawa ya kwetu. Mtoto wake wa kiume, yaani shemeji yangu, anafanya kazi huko ya kuwatunza wazee. Akasema tukija wote atakodi gari la nyumba, gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, twende mpaka juu kule pamoja.

Mimi nilikataa. Nilimwambia mke wangu: gari moja na mama yako, nitakaa wapi, juu ya paa? Aliyenishawishi ni Mama mwenyewe, siku ya Jumapili.

"Mkwe, nimemhoji kijana. Nimemuuliza hilo gari lina milango mingapi. Anasema miwili."

"Miwili, Mama?"

"Miwili. Wewe utatumia wako, mimi wangu."

Tukakubaliana kwa hiyo milango. Na kweli ilikuwa miwili, wa dereva na wa ubavuni, ila yote iliingia chumba kimoja. Siku tuliyoliona lile gari nilisimama nje nikijifanya nakagua matairi. Alikuwa ndani tayari, nikasikia akiuliza taratibu, "Na mlango mwingine uko wapi?" Shemeji akacheka. "Mama, hapa ni Ulaya."

"Na mimi nimetoka wapi?" akamjibu. Akafungua begi, akatoa kitenge na kamba.

Basi tukaishi hivyo. Asubuhi nilitoka nje kabla hajaamka, nikarudi kwenye kiti cha dereva nikiwa nimetazama mbele, na sikugeuza shingo mpaka jioni. Niliendesha mimi zaidi kwa sababu usukani ulinipa sababu ya kutogeuka. Kioo cha kutazamia nyuma nilikipindisha juu, shemeji akalalamika kwamba nitatuua, nikamwambia vya pembeni vinatosha. Kwenye gari kulikuwa na kile chombo cha kuelekeza njia, chenye sauti ya kike, na Mama hakukipenda. "Huyo mwanamke anayemwamuru mkwe wangu ni nani?" alimuuliza mjukuu. "Haonekani, hajulikani ukoo wake, na kazi yake ni kusema kata kulia, kata kushoto." Nilitamani kumwambia kwamba nimeshazoea kuongozwa na mwanamke nisiyemwona. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akanifinya.

Kilichotushinda ni mwanga. Nyumbani giza hutusaidia sana watu wa enshoni. Jua likizama unaoga, unapita, unafanya haja zako, na mkwe wako anaweza kuwa uani pale pale na hakuna aliyemwona mwenzake. Huko juu jua lilifika kwenye ncha za miti likakaa. Mama mkwe alikaa kitandani na beseni lake na taulo lake akisubiri.

"Usiku wa huku huja lini?" alimuuliza mwanawe.

"Agosti, Mama."

Nilimsikia akiweka beseni chini.

Na choo. Kilikuwa nyuma tu ya kiti changu, mlango wake mwembamba wa kukunja, kila kitu kinasikika. Shemeji alimweleza mama yake jinsi ya kukitumia, naye akaitikia kwa adabu na hakukigusa hata siku moja. Alisubiri vituo vya mafuta. Lakini kadiri tulivyokwenda juu vituo vilizidi kuwa mbali, na mimi, ambaye ndiye niliyekuwa kikwazo, nilikuwa nimekaa pale mbele naangalia barabara. Akaacha kunywa maji. Mke wangu alimpa chupa, akaipokea, akaiweka. "Nimekunywa," alisema. Alikuwa anatafuna akamwani, ile kahawa yetu kavu ambayo mgeni hupewa mkononi, aliyoibeba kwa ajili ya kaburi na kwa ajili yake. Ukilikaribia pazia uliisikia harufu yake na mlio wa meno. Sote tulidhani ni furaha ya safari.

Tulifika kijiji cha yule muuguzi mchana. Tukaegesha karibu na ziwa, na shemeji, mke wangu na watoto wakaenda kanisani kuulizia kaburi. Mama alisema atapumzika kwanza. Mimi, kama adabu inavyotaka, nilifunga mlango nikakaa nje kwenye kiti cha kukunja, mgongo nimelipa gari.

Nikasikia kishindo.

"Mama?" niliita. Kimya. Na hapa ndipo naona aibu hata sasa ninapoandika, kwa sababu sikukimbilia mlango. Mkono wangu ulikwenda kwenye simu. Nikampigia. Nikaisikia simu yake ikiita humo ndani, kwaya yake yenyewe ikiimba, aliirekodi mjukuu ikawa mlio wa simu, na sauti yake ya kwanza juu ya zote. Ikaimba ikakatika. Ndipo nikaingia, nikasimama mbele ya kitenge, nikakiambia kitenge, "Mama, naingia."

Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na kabati. Nilimwinua. Mengine niliyoyaona pale sitayaandika, ni yake. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, midomo imepasuka, na nyusi zake zilikuwa nyusi za binti yangu mdogo, sikuwa nalijua hilo. Nikachanganya maji, sukari na chumvi kidogo, nikamnywesha kwa kijiko. Akafumbua macho. Kwa mara ya kwanza tangu nioe tulitazamana, uso kwa uso, na mwanga wote ule dirishani. Akajifunika uso kwa mkono.

"Mwambie mkwe wangu atoke," alisema.

Hapakuwa na mtoto. Hapakuwa na paka. Tulikuwa sisi wawili.

"Ametoka, Mama," nikasema, nikasogeza kikombe.

"Ametoka kweli?"

"Yuko nje kabisa. Amekaa kwenye kiti."

"Akae huko huko," alisema, na huku mkono ungali usoni akafungua mdomo, akanywa kikombe chote, nami nimemshika kichwa.

Wenzangu waliporudi nilikuwa nje, mgongo nimelipa gari. Walimkuta kitandani amebadilisha nguo. Walimpeleka hospitali, wakamwekea maji, na daktari alipouliza nani alimwinua akasema aliinuka mwenyewe. Kaburini alikwenda kesho yake akiwa ameshikwa na wanawe huku na huku, mikono ameifunga ndani ya kanga. Nilitazama kutoka barabarani. Alimwomba mjukuu amwage ile kahawa iliyobaki, hakuimwaga mwenyewe, na hilo lilinishangaza.

Tukarudi nyumbani. Jumapili ya kwanza nilikaa dukani, simu juu ya kaunta kati ya maboksi ya plagi, na haikuita. Ya pili haikuita. Nilimpigia, akapokea mjukuu anayeishi naye, akasema bibi yuko shambani. Kila Jumapili bibi alikuwa shambani. Nikienda Buganguzi mlango wa nyuma ulifungwa kama zamani, chakula kikaja, ndizi na samaki, lakini jikoni palikuwa kimya, na paka hakuulizwa chochote.

Niliona nimeelewa. Nilikuwa nimemwona, nami nilikuwa nimemgusa, na mtu uliyekwisha kumwona vile hawezi tena kukutania kuhusu unene wako. Mke wangu alidhani mama yake amechoka na uzee. Sikuweza kumweleza, ningemwelezaje bila kusema yale niliyokusudia kutosema? Nilichokipoteza hakikuwa na jina la kumlilia mtu. Jumapili mchana nilianza kufunga duka mapema. Usiombe uone aibu ya kumwokoa mtu halafu ukaona umemwibia.

Nilijaribu hata kuwauliza wazee wa Nshamba, kwa kuzunguka, kama kuna namna ya kusafisha jambo la namna hiyo. Mmoja akasema mbuzi. Mwingine akasema sala. Wa tatu akaunyoosha mkono wangu, akautazama, akauliza, "Unatetemeka?" Nikamwambia hapana. "Basi ngoja," alisema. Nilikuwa ninaiangalia mikono yangu kila asubuhi ninapofungua kufuli la duka.

Mwezi uliopita mke wangu alikuwa safarini kikazi, akanipigia kwamba mama yake hajisikii vizuri, mjukuu yuko shule, nimpelekee vitu. Nilinunua sukari, sabuni, na samaki mkavu kwa wale wachuuzi wanaotoka visiwani Muleba, nikaendesha mpaka Buganguzi. Nilipunguza mwendo kwenye kona kwa makusudi, gari likohoe, apate muda wa kutoka.

Niliingia kwa mlango wa mbele. Nikasubiri kuusikia ule wa nyuma. Haukufungwa.

Nilisimama na mfuko mkononi sijui niutue wapi. Kutoka chumbani kwake, mlango umerudishwa nusu, nilisikia mlio nisioujua: kijiko kikigonga kikombe, haraka haraka, bila kupumzika, kama mtu anayekoroga chai ya kijiji kizima. Kisha kikombe kikawekwa chini kwa nguvu, na kitu kikamwagika.

"Paka," sauti yake ikasema.

Nikakaa.

"Paka, mwambie mgeni wetu samahani. Siku hizi nyumba hii haina mtu wa kumkaribisha."

"Mwambie Mama mgeni hana neno," nikasema.

Kijiko kikagonga tena, kikaachwa.

"Mwambie mkwe wangu mikono yangu inatetemeka. Hospitali wameipa jina lao, la ugonjwa, wameandika na dawa. Mwambie haikutokana na yeye. Ilianza hapa hapa kabla ya safari. Nilikuwa naificha ndani ya kanga, hata binti yangu hakuiona."

Nikakumbuka kaburi, na mjukuu akimwaga kahawa.

"Simu inanidondoka," alisema. "Ningemtuma mtoto anibonyezee, mtoto angesema bibi anatetemeka. Na mkwe wangu ninamfahamu. Angekaa dukani kwake akahesabu, siku ile na siku hii, akasema ni mimi niliyemfanya. Nikaona afadhali adhani nimemkasirikia. Hasira inaisha."

"Mama," nilisema.

"Simwambii yeye. Namwambia paka."

Nililia pale chini ya picha ya kwaya kama mtoto, na nikahakikisha silii kwa sauti, ingawa nina hakika alisikia, maana mwanamke yule alisikia mkanda wa gari tangu kona ya Nshamba.

Nje, kupitia mlango wa mbele, nilimwona paka mwenyewe amelala uani juani, mzee, hana habari na lolote.

"Chai inamwagika," mama mkwe alisema hatimaye. Alikuwa amechoka, na aibu yake yote ilikuwa humo ndani ya sauti, haikupungua hata kidogo. "Kila nikiinyanyua inamwagika. Tangu asubuhi sijanywa kitu."

Niliutua ule mfuko sakafuni.

"Mwambie mkwe wangu aingie."

Nikamwambia mkwe wake. Akavua viatu mlangoni, akaingia.